Dharura za mkojo na korodani: kazi ya kituo kidogo kabla ya rufaa

Dharura nyingi za njia ya mkojo haziamuliwi Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Uganda. Zinaamuliwa kwenye mlango wa kwanza ambao mgonjwa anapiga hodi: duka la dawa, chumba cha muuguzi wa shule ya bweni, kituo cha afya cha daraja la tatu chenye mtu mmoja wa zamu ya usiku. Hapo ndipo kijana mwenye korodani iliyojisokota anapewa doksisaiklini kwa kudhaniwa ana kisonono, mzee aliyezibwa mkojo anatundikiwa dripu na kuchomwa furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, "ili akojoe", na mama ambaye hajakojoa tangu apasuliwe anaambiwa aongeze maji ya kunywa. Kisha, baada ya siku moja au mbili, inaandikwa barua ya rufaa.

Rufaa si tiba. Magonjwa haya yana kitu kidogo ambacho lazima kifanyike palepale, na yana vitu ambavyo havipaswi kuguswa kabisa. Tunawaandikia musawo (mhudumu wa afya) wa kituo kidogo, lakini ndugu wa mgonjwa naye asome, maana mara nyingi ni yeye anayeamua waende lini na wapi.

Korodani iliyojisokota

Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa yake yote ya damu. Kwa baadhi ya wavulana haikushikamana vizuri na mfuko, kwa hiyo inaweza kujizungusha kama ulimi wa kengele. Kamba ikijisokota, kwanza damu ya kutoka inakwama, korodani inavimba, halafu damu ya kuingia nayo inakatika. Wengi wanaopatwa ni wa miaka 12 hadi 18, ingawa mtoto mchanga na mtu mzima pia hupatwa. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, zaidi ya tisa kati ya kumi hupona. Ikifika saa 12, ni kama nusu. Baada ya saa 24 inayookoka ni chini ya moja kati ya kumi.

Maumivu huanza ghafla, mara nyingi usiku mvulana akiwa amelala, na mara nyingi hutapika. Homa kwa kawaida haipo mwanzoni. Ukitazama, korodani yenye shida imepanda juu kuliko mwenzake na pengine imelala kiubavu. Kwaruza taratibu ngozi ya ndani ya paja: kwa kawaida korodani ya upande huo huruka juu kidogo. Isiposogea kabisa, shuku kujisokota. Kipimo cha mkojo kikiwa safi, nacho kinaelekeza huko huko, lakini kikiwa na seli za usaha hakikuondolei shaka.

Tatizo kubwa ni aibu. Kijana wa miaka 14 mbele ya matroni husema tumbo linamuuma, anapewa Panadol na dawa ya minyoo. Mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Kwa hiyo kila mvulana mwenye maumivu ya tumbo la chini avuliwe na atazamwe korodani, hata kama hakuzitaja. Mwite muuguzi wa kiume kama ndiko kutakakomfanya akubali.

Kuna wanaosema ukiinyanyua korodani kwa mkono na maumivu yakapungua, basi ni maambukizi tu. Kipimo hicho hakiaminiki, kiacheni. Wala usimsafirishe mgonjwa kwenda mji mwingine kutafuta ultrasaundi. Kwa kijana mwenye dalili hizi, jibu liko kwenye kisu.

Kama safari ni ndefu, tuseme kutoka Kaabong hadi Moroto, au kutoka visiwa vya Kalangala ambako lazima usubiri chombo cha majini, jaribu kuifungua kwa mkono. Mpe dawa ya maumivu. Simama miguuni pake, shika korodani na uizungushe kuelekea nje, upande wa paja, kama mtu anayefungua kitabu: ya kulia kinyume cha saa, ya kushoto kufuata saa, jinsi unavyoiona wewe uliyesimama miguuni. Anza na nusu mzunguko. Huenda ukahitaji mmoja na nusu. Ikifunguka, maumivu yanakatika ghafla na korodani inashuka. Yakizidi, zungusha upande wa pili, kwa sababu karibu theluthi moja hujisokota kinyume na ilivyozoeleka. Hata ukifaulu, upasuaji wa siku hiyo hiyo unabaki palepale: inaweza kuwa imefunguka nusu tu, na kesho inaweza kujisokota tena.

Sasa neno kwa madaktari wa vituo vya daraja la nne. Kituo chenye chumba cha upasuaji na mtu anayeweza kupasua mama mjamzito au ngiri kinaweza kufanya kazi hii. Ganzi ya mgongo, mkato kwenye mstari wa kati wa mfuko, fungua kamba, funika korodani kwa shashi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, subiri dakika 5 hadi 10. Rangi ikirudi, ishone kwenye ukuta wa mfuko sehemu tatu kwa uzi usioyeyuka. Ikibaki nyeusi, itoe. Upande wa pili nao ushonwe, kwa kuwa una kasoro ile ile. Kumpa rufaa mgonjwa huyu wakati chumba cha upasuaji kiko wazi hapo hapo ni kumpotezea korodani kwa makaratasi.

Mkojo kuziba

Hii ndiyo mtakayoiona mara nyingi zaidi. Mzee mwenye tezi dume iliyokua anakwenda msibani, anakunywa ajono (pombe ya ulezi) au waragi (pombe kali) mpaka usiku, anaamka kibofu kimejaa na hakuna tone linalotoka. Wakati mwingine chanzo ni dawa ya mafua: Piriton na jamaa zake hulegeza msuli wa kibofu, na zile za kufungua pua hubana shingo ya kibofu. Choo kigumu cha siku nyingi nacho hufanya hivyo. Kwa vijana na watu wa makamo, fikiria kovu ndani ya njia ya mkojo, la kisonono cha zamani au la kuanguka. Waulizwe kama mkojo umekuwa mwembamba kwa miaka. Kwa mwanamke, fikiria baada ya kujifungua: asiyekojoa ndani ya saa 6 atolewe mkojo kwa katheta (mpira wa mkojo), asisubiriwe.

Kabla ya yote, mwambie mgonjwa anyanyue miguu, na umguse kati ya mapaja, karibu na njia ya haja kubwa. Miguu ikiwa dhaifu au pale pamekufa ganzi, tatizo liko uti wa mgongo: kifua kikuu cha mifupa, au saratani ya tezi dume iliyosambaa. Wekea katheta, kisha apelekwe siku hiyo hiyo, vinginevyo hatatembea tena.

Kuweka katheta kila mtu anadhani anajua. Yanayoharibika ni haya.

Jeli inapakwa kwenye ncha ya mpira na kuachwa hapo. Jeli ya lignokeini, yaani ya ganzi, inatakiwa iingie ndani ya njia: mililita 10 hadi 15 kwa mwanaume, polepole, kisha ubane ncha ya uume na usubiri dakika 5 kamili. Dakika hizo tano ndizo zinazolegeza msuli. Musawo mwenye haraka anaziruka, mgonjwa anajikaza, mpira unagoma, na lawama inaangukia tezi dume.

Kosa la pili ni saizi. Kwa mtu mzima anza na 16. Ikigoma kwa mzee mwenye tezi kubwa, wengi hukimbilia 12, lakini mpira mwembamba ni laini, unajikunja ndani na kurudi. Hapo panda hadi 18, na kama una ule wenye ncha iliyopinda, tumia huo, ncha ikitazama juu. Saizi ya 12 ni kwa mwenye kovu, na dalili yake ni kwamba mpira unakwama mapema, kabla ya kufika kwenye tezi.

La tatu ndilo linalomwaga damu: kujaza puto kabla mpira haujaingia kibofuni. Nyoosha uume wima, sukuma taratibu hadi mpira uzame wote, mpaka kwenye njia panda yake, hata kama mkojo umeanza kutoka nusu ya safari. Mkojo ukitoka na mpira ukiwa umefika mwisho, ndipo ujaze puto kwa mililita 10 za maji safi ya sindano, usitumie maji ya chumvi maana chumvi huganda na puto likagoma kufunguka siku ya kutoa. Mgonjwa akiguna wakati unajaza, simama. Puto lililojazwa ndani ya njia ya mkojo huipasua, na kovu lake ni la maisha. Mkojo usipotoka, huenda ni jeli imeziba tundu: vuta kidogo kwa bomba la sindano, au sukuma mililita 20 za maji ya chumvi uone kama zinarudi.

Ukimaliza, rudisha govi mahali pake. Likiachwa nyuma linabana shingo ya uume na kuvimba, na hiyo ni dharura nyingine uliyoitengeneza mwenyewe. Ikitokea, kamata sehemu iliyovimba kwa kiganja na uibane bila kuachia kwa dakika 5 hadi 10 mpaka uvimbe upungue, kisha sukuma kichwa ndani kwa vidole gumba huku vidole vingine vikivuta govi mbele. Sukari ya kawaida ya jikoni, ikifungwa kwenye shashi kuzunguka uvimbe, hufyonza maji, ila huchukua saa moja au mbili. Kichwa kikianza kuwa cheusi usingoje sukari, govi likatwe upande wa juu.

Andika kiasi cha mkojo kilichotoka dakika 15 za kwanza. Hakuna haja ya kufunga na kufungua mpira kwa vipindi, utoe wote. Damu kidogo hutokea na huisha yenyewe. Nambari hiyo ina maana kubwa: mililita 600 au 800 kwa mtu aliyekuwa akilia kwa maumivu ni kuziba kwa ghafla. Lita moja na nusu kwa mzee ambaye hakuwa na maumivu, ila alikuwa akijikojolea kitandani usiku, maana yake kibofu kimekuwa kikisukuma mkojo nyuma hadi kwenye figo kwa miezi. Huyo asirudishwe nyumbani. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na potasiamu, na pima mkojo kila saa, kwani figo zikifunguliwa huweza kumwaga maji bila kiasi. Zaidi ya mililita 200 kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, ni onyo. Mwache anywe kwa kiu yake, na kama unatumia dripu, mrudishie nusu tu ya anachokojoa. Ukirudisha chote, utakuwa unakimbizana na mkojo uliouleta mwenyewe.

Mpira ukigoma mara mbili kwa mtu anayejua kazi, acha. Kibofu kikiwa kinaonekana na kinagonga kwa sauti ya kujaa, unaweza kumpunguzia kwa sindano kupitia tumboni: mstari wa kati, vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, safisha, weka ganzi, ingiza kanula kubwa wima huku ukivuta bomba mpaka mkojo uonekane. Mililita 300 hadi 500 zinatosha kumtuliza kwa safari. Usifanye hivyo kama kibofu hakishikiki kwa mkono, kama tumbo la chini limewahi kupasuliwa, au kama anakojoa mabonge ya damu na saratani ya kibofu inashukiwa.

Mabonge ya damu yenyewe yanataka mpira mpana, 22 au 24, wenye njia tatu ukipatikana, na kuoshwa kwa bomba la mililita 50: sukuma maji ya chumvi, vuta, mwaga, rudia hadi mabonge yaishe. Dripu ya kuosha iwekwe baada ya hapo, si kabla, la sivyo unajaza kibofu kisicho na pa kutokea.

Ajali ya bodaboda: usiingize mpira

Mtu amegongwa, nyonga inauma, hawezi kukojoa. Angalia ncha ya uume kabla ya kufungua paketi ya katheta. Tone la damu hapo, au damu iliyovilia chini ya mfuko na kati ya mapaja, linasema njia ya mkojo imechanika. Ukisukuma mpira, mpasuko wa nusu unakuwa wa mzima. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka kwa kutanua miguu juu ya mtalimbo wa baiskeli au tawi la mwembe. Funga nyonga kwa shuka kiwango cha viungo vya paja ili kuzuia damu, mwekee dripu, mwambie asijikamue, na mkojo utolewe kwa njia ya tumboni.

Uume uliovunjika wakati wa tendo la ndoa ni hadithi fupi: sauti ya kukatika, unalegea papo hapo, unavimba na kuwa wa zambarau. Unashonwa, vizuri zaidi ndani ya siku moja. Barafu na maombi haviungi.

Uume uliokataa kulala

Ukisimama zaidi ya saa 4 bila hamu, mgumu na wenye maumivu huku kichwa chake kikiwa laini, damu iliyomo imeishiwa hewa na misuli inaoza. Uganda ina selimundu nyingi, hasa kaskazini, mashariki na Bundibugyo, kwa hiyo kwa mvulana fikiria hiyo kwanza. Kwa watu wazima uliza kuhusu kloropromazini (dawa ya magonjwa ya akili), vidonge vya nguvu za kiume, na sindano za kusimamisha uume.

Mwenye selimundu ambaye hupatwa mara kwa mara na vipindi vifupi ajaribu nyumbani: akojoe, anywe maji, atembee, aoge maji ya uvuguvugu, ameze dawa ya maumivu. Barafu hapana, baridi huzidisha selimundu. Ikipita saa 2, aanze safari. Kituoni mpe maji ya dripu na dawa ya maumivu ya kutosha, oksijeni kama imepungua, lakini msijidanganye kwamba dripu peke yake itaulaza. Damu lazima ivutwe: ganzi kwenye shina, sindano ya kipepeo ya 19 au 21 iingie ubavuni mwa uume, saa tatu au saa tisa kama uso wa saa ya ukutani, na damu nyeusi ivutwe mpaka ije nyekundu. Usipolala, fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ambayo mtu wa ganzi huwa nayo: ampuli ya miligramu 10 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, choma mililita 2 kila dakika 3 hadi 5, zisizidi dozi tano kwa saa, huku presha ikipimwa. Mtoto apewe kidogo zaidi, kwa ushauri wa hospitali. Ukifika saa 36, matumaini ya kusimama tena ni madogo hata ukilala, na mgonjwa aambiwe ukweli huo kabla, si baada.

Homa yenye ubavu unaouma

Kwetu kila baridi ya kutetemeka ni malaria. Kipimo cha malaria kinaweza hata kuwa chanya na bado ugonjwa unaoua ukawa mwingine: jiwe limeziba mrija wa figo, na nyuma yake mkojo umegeuka usaha. Gonga ubavu kwa ngumi nyepesi. Akiruka, tafuta ultrasaundi. Anza seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu 2 kwenye mshipa na maji, lakini usaha uliofungiwa hautolewi na dawa. Unahitaji bomba kupitia mgongoni au mrija wa ndani, na hilo lipo hospitali kubwa tu. Kumlaza siku tatu "kuona kama dawa itafanya kazi" ndiko kunakoua.

Mama aliyepasuliwa, hasa aliyetolewa kizazi kwa kuvuja damu, naye ana hatari yake. Mfuko wa mkojo ukibaki mkavu, kwanza hakikisha mpira haujapinda wala kuziba. Usukume kwa maji. Kisha angalia kama amepungukiwa damu au maji, umrudishie. Presha ikiwa nzuri, kibofu kitupu, na bado hakuna mkojo, huenda mirija yote miwili ya figo imefungwa na uzi. Hapo kila saa ina thamani, na furosemaidi haifungui uzi. Ukifungwa mmoja tu, mkojo utaendelea kutoka kama kawaida. Dalili itakuwa ubavu na homa. Na mama aliyekaa na uchungu uliokwama aachiwe katheta siku 10 hadi 14, ili nyama iliyobanwa isitoboke na kuwa fistula, tundu linalovuja mkojo.

Nyama inayooza mfukoni

Mwenye kisukari, mlevi wa miaka au mwenye VVU asiyetumia dawa analalamika maumivu makali ya mfuko wa korodani, wakati ngozi inaonekana ina wekundu kidogo tu. Maumivu yasiyolingana na unachokiona ndiyo dalili. Bonyeza: ikilia kama kuna hewa chini ya ngozi, au kuna harufu na baka jeusi, nyama inaoza na ugonjwa unatembea kwa saa, si kwa siku. Seftriaksoni gramu 2, metronidazoli miligramu 500, maji, pima sukari, na chumba cha upasuaji usiku huo huo, nyama yote iliyokufa ikatwe hadi inayovuja damu. Kurudia kukata kesho yake ni kawaida.

Barua na safari

Barua iandike saa maumivu yalipoanza, mkojo uliotoka kwa mililita, saizi ya katheta na maji yaliyo kwenye puto, dawa na saa zilipotolewa, na mara ya mwisho alipokula. Piga simu unakoelekea, uliza kama daktari wa upasuaji yupo na kama umeme upo. Anayekwenda kupasuliwa asile njiani. Ndugu wakionywa mapema hawatamnunulia chapati stendi.

Akisafiri kwa bodaboda, mfuko wa mkojo umwagwe kabla ya kuondoka na ufungwe kwenye mguu wake, chini ya kibofu. Mpira ubandikwe plasta kwenye paja kwa kuulegeza kidogo, ili kila shimo la barabarani lisivute puto. Usiufunge mpira kwa klipu kuzuia umwagikaji, na usiutundike mfuko kwenye usukani au begani kwa anayemshikilia: mkojo unarudi ulikotoka.